Toa Moja, Tia Moja

Kila asubuhi mzee alikuwa na kazi yake moja ambayo hakuna aliyethubutu kumpokonya: kufungua gereji. Gari lenyewe alikuwa haliendeshi tena, analiendesha binti yake. Lakini mlango ulikuwa wake. Hutoka jikoni na funguo mkononi, akakohoa kidogo kibarazani kama anayeipigia siku hodi, akainama, akashika mpini na kuuinua mlango juu. Nao mlango hulia njia nzima. Binti, akiwa ndani na pasi mkononi, hakuhitaji saa. Mlango ukianza kulia yeye yuko kwenye mikono ya blauzi. Ukinyamaza, yuko kwenye kola. Mzee akiiwasha injini ipate joto, anakwenda kummiminia chai.

Jumamosi hiyo mlango ulianza kulia, ukakoma ghafla. Kikafuata kishindo, kisha kimya.

Binti aliiacha pasi pale pale, akatoka mbio. Alimkuta baba yake amesimama wima, mikono imening'inia, anautazama mlango kama mtu aliyetukanwa na rafiki. Kona ya kushoto ilikuwa imepanda hadi usawa wa magoti, ya kulia imebaki chini. Sakafuni kimelala kigurudumu kimoja kilichochomoka kwenye reli, kimelika kama kile kipande cha sabuni ambacho kila mtu anamwachia mwenzake bafuni.

"Umeumia, baba?"

"Mimi mzima. Mgonjwa ni huyo."

Nyuma ya mlango uliopinda lilikuwapo gari, na ndani ya gari ulikuwapo uzee wote wa baba yake: masanduku mawili ya nguo, redio, mto anaoupenda, na ile cherehani aliyobaki nayo baada ya kuzitengeneza cherehani za watu maisha yake yote. Kila kitu kilipakiwa jana. Kaka yake binti alikuja kwa basi ili amchukue mzee kwa gari hilo, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuondoka. Mzee alikuwa anahamia kwake, mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima.

Uamuzi huo ulijijenga wenyewe, na hakuna aliyejua nani aliweka tofali la kwanza. Mzee aliteleza bafuni siku moja, akashindwa kuinuka, akakaa kwenye sakafu yenye maji mpaka binti aliporudi kutoka kazini, kule kliniki ya meno alikokuwa karani wa mapokezi. Usiku huo binti hakulala. Kesho yake kaka akapiga simu kuuliza hali, binti akasema, "Nimechoka, kaka," akaanza kulia. Hakusema kingine. Wiki haikuisha, kaka alikuwa ameshapaka rangi chumba cha wageni. Alipompigia mzee kumuuliza maoni, mzee alijibu, "Mtakavyoona nyinyi." Alipomuuliza dada yake, dada naye akajibu, "Kama baba ameridhika." Ndivyo walivyolelewa katika nyumba ile. Mtu hunywa chai iliyopoa kuliko kumsumbua mwenzake aipashe moto.

Kaka alitoka na mswaki mdomoni, akautazama mlango, akacheka kwa pua.

"Haya, Redio, umeufanya nini mlango wa watu?"

Alimwita dada yake Redio tangu utotoni, kwa sababu siku nzima ingeweza kupita bila ya kusikia sauti yake. Binti alitabasamu tu. Kaka akampigia fundi wa milango; fundi akasema yuko mbali, labda Jumatatu. Jumatatu kaka alitakiwa awe kazini kwake. Akaanza kuzunguka uani akihesabu shida zake kwa sauti, na binti akahisi kitu chepesi kikimpanda kifuani, akakionea haya. Kama gari haliwezi kutoka, basi baba yake naye hawezi kutoka.

Lakini mzee alikuwa ameshakiokota kigurudumu.

"Fundi wa nini?" alisema. "Hivi ni vigurudumu tu. Nenda dukani na hiki, uwaoneshe, ulete vipya vya kimo hiki hiki."

Alisema kwa sauti ambayo binti hakuwa ameisikia tangu siku ya bafuni. Ilikuwa sauti ya mwenye duka lake.

Kaka alipokwenda dukani na kurudi, wote watatu wakaushusha mlango taratibu mpaka ukakaa sawa chini, wakaufunga kwa komeo, wakaingia gereji kupitia mlango mdogo wa jikoni. Mzee aliagiza reli zifutwe kwanza. Kitambaa kilitoka cheusi tii, kimejaa uji mzito wa mafuta na mchanga.

"Ndani ya reli hapatakiwi mafuta," mzee alisema. "Mafuta hukamata mchanga, mchanga ukakitafuna kigurudumu. Nani amemwaga haya?"

Binti aliinua mkono kama mwanafunzi. Alikuwa akirudi kutoka kazini mzee amejilaza, basi akawa anamiminia reli mafuta ya cherehani ili mlango usimwamshe. Kaka akakohoa. Yeye kila alipokuja kuwatembelea alipakaa grisi, maana huondoka alfajiri na hakutaka kuikurupusha nyumba nzima. Mzee akawatazama wote wawili, akajikuna kidevu, akasema kwamba naye, siku ambazo binti hana zamu, alikuwa akipaka mafuta ya kupikia, ili mtoto apate kulala.

"Na bado ulikuwa unalia," kaka alisema. "Mlango umekufa kwa kuhurumiwa."

Walicheka mpaka mzee akashika ubavu. Kisha akamwamuru kaka akalale, maana dereva mwenye usingizi ni hatari, na kaka akaenda kwa furaha. Wakabaki wawili.

Mzee alichukua spana. Akaileta kwenye nati ya bawaba ya juu, inayoshika kigurudumu, spana ikacheza, ikagonga bati upande huu, ikagonga upande ule. Akajaribu kuishika kwa mikono miwili. Binti alijifanya anatafuta kitu kwenye sanduku la vifaa, akakitafuta kwa muda mrefu kitu ambacho hakipo. Mwishowe spana ikaja mbele ya macho yake.

"Shika wewe," baba yake alisema bila kumtazama. "Wewe uwe mikono, mimi niwe mdomo."

Basi akawa mikono. Mdomo ulikuwa na amri moja iliyotangulia zote: toa moja, tia moja. Usifungue bawaba mbili kwa mpigo kwa tamaa ya kumaliza, maana mlango ukikosa pa kujishika utakuangukia. Fungua nati, legeza bawaba, kiinamishe kigurudumu kichomoke kwenye reli, ingiza kipya, rudisha bawaba, kaza. Kisha hamia cha pili. Ndivyo alivyozifanyia cherehani maisha yake yote, mzee alisema. Mtu akivifumua vipande vyote pamoja, jioni anabaki na skrubu moja asiyoijua kwao.

Binti alikosea cha kwanza, akakitia kinyume. Cha pili alikosea kidogo. Cha tatu mzee aliguna tu, na guno hilo lilikuwa tamu kuliko sifa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, macho yanang'aa, anasimulia juu ya mteja mmoja aliyeleta cherehani mbovu ikiwa na panya na familia yake. Miezi yote hii alikuwa akijibu kwa neno moja moja. Leo anasimulia, anacheka kabla hajafika kwenye kichekesho, anarudi nyuma kurekebisha rangi ya panya.

Na kila kigurudumu kilichokaa vizuri kilikuwa kinamwondoa.

Binti alilijua hilo, na mikono yake ilijua, lakini haikuacha. Wakati mmoja aliiacha nati idondoke, ikabingirika chini ya gari. Alitaka dakika chache tu, basi. Lakini baba yake akaanza kushuka kwenye kigoda ili apige magoti aitafute, goti likalia, na binti akawahi kujilaza sakafuni yeye mwenyewe, akaitoa nati ikiwa imejaa vumbi la ndani ya gereji. Akaikaza. Angewezaje kuharibu kazi mbele ya mtu mwenye furaha kiasi kile? Angewezaje kuimaliza?

Alipofika chini kabisa, akaweka spana kwenye nati ya mwisho, karibu na sakafu. Mkono wa mzee ukamdaka kifundo cha mkono. Ulikuwa unatetemeka, lakini ulikaza.

"Hiyo usiiguse. Unauona waya huo? Umeshika nguvu yote ya springi. Ukiifungua, itakuvunja mkono." Akamwachia polepole. "Vya chini vitasubiri. Bado vina uhai kidogo. Fundi akija Jumatatu, mwambie alegeze springi kwanza, ndipo afungue. Usimwache aanze hivi hivi, hata akijidai anajua. Simama hapo umwangalie."

"Sawa, baba."

"Na koki ya maji ya nyuma, usiikaze sana, itakatika."

"Sawa."

"Na mlango wa jikoni ukivimba mvua ikinyesha, usiusukume kwa bega. Uinue kidogo."

"Sawa."

Alisema sawa, sawa, sawa, akiwa ameinamia reli safi ambayo haikuhitaji kufutwa tena. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu wiki iliyopita yalikuwa yakisukumana kama watu mlangoni, na halikutoka hata moja.

Adhuhuri mzee alifungua komeo. Akashika mpini kwa mkono mmoja, akauinua mlango. Ulipanda wote, laini, bila kulia, mpaka juu. Ulinyamaza kiasi kwamba wote wawili walibaki wanautazama, kama wanaongoja kitu kilichosahauliwa.

"Umeona?" mzee alisema. "Mkono mmoja."

"Nimeona."

Kaka akaamka, akaoga, akausifu mlango, akamwambia dada yake ahamie kwenye ufundi aachane na meno ya watu. Mzee akaketi kiti cha mbele. Alihangaika na mkanda, ulimi wa chuma ukawa unakosa tundu lake, mpaka binti akainama na kumfungia. Akabaki ameinama hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Baba yake alinukia sabuni na mafuta ya mashine.

"Ule vizuri," mzee alisema.

"Na wewe, baba. Safari njema."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe na kuyashangaa. Safari njema! Kama vile baba yake ni abiria na yeye anauza tiketi.

Gari likarudi nyuma polepole, likatoka kwenye kivuli cha gereji. Kupitia kioo cha mbele alimwona baba yake akiinua mkono kuaga, mkono unaotetemeka, kiasi kwamba mtu asingejua kama anaaga au anatetemeka tu. Miguu ya binti ikatembea. Haikumuuliza. Akafika kwenye boneti, akaweka kiganja juu yake, na kaka akakanyaga breki.

"Umesahau nini?" kaka aliuliza, kichwa nje ya dirisha.

"Sitaki aende."

Sauti ilitoka ndogo, injini ikaimeza. Kaka akazima injini. "Unasemaje?"

"Sitaki baba aende." Sasa alisikika mpaka kwa jirani, na hakujali. "Siku ile nilikwambia nimechoka. Nilikuwa nimechoka kweli, nikalala, nikaamka. Sikukuomba umchukue. Sijui nitamwangaliaje nikiwa kazini. Sijui akianguka tena nitafanya nini. Sina jibu, kaka, usiniulize. Lakini sitaki aende. Na wewe baba, ukitaka kwenda, sema unataka. Usituambie tutakavyoona sisi."

Kaka aligeuka kumtazama baba yake. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, kidole gumba kinakitafuta kitufe cha mkanda, kinakikosa, kinakitafuta tena. Hakuna aliyemsaidia. Mwishowe akakiacha, akaweka mikono mapajani, akautazama mlango wa gereji uliokuwa wazi mbele yake.

"Nataka kubaki nyumbani kwangu," alisema. "Hata nikianguka."