Kazi Zikirudi Mwanza

Siku Nkwabi alipoondoka mtaani kwao Pasiansi, miaka miwili na miezi minne iliyopita, hakuahidi mengi. Alisema tu kwamba kazi zikirudi Mwanza, naye atarudi. Modesta, mkewe, alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika risiti ya fundi cherehani, na tangu siku hiyo akawa anafuatilia taarifa ya habari kuliko mbunge.

Zamani wote wawili walikuwa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, yeye mezani na kisu, Nkwabi kwenye mitambo ya barafu. Jioni wakitoka, vidole vya Modesta vilikuwa vimekufa ganzi. Nkwabi aliuchukua mkono wake mmoja akaubana kwapani, wakifika njiapanda wanabadilishana upande ili na wa pili upate joto, na watu barabarani wakiwacheka hawajali. Kisha sangara wakapungua, zamu zikapunguzwa, na mwisho wakapunguzwa watu. Nkwabi akaenda Geita kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Modesta alikaa nyumbani miezi kadhaa akiangalia dari, halafu akanunua karai, akaanza kukaanga samaki kando ya barabara, na mdogo wake Odeta akaja kumsaidia. Siku hizi mikono yake ina makovu ya mafuta ya moto. Ukisema unaitamani baridi ya kiwandani watu watakuona hamnazo, lakini Modesta aliitamani, na alijua kabisa kwamba si baridi aliyokuwa anaitamani.

Jumatatu asubuhi Rahim, fundi redio ambaye kibanda chake kimepakana na jiko la Modesta, aliongeza sauti ya redio aliyokuwa anaijaribu. Mtangazaji alisema ajira katika mikoa ya Kanda ya Ziwa zimeongezeka, akataja asilimia yenye nukta ndani yake, akamalizia kwamba hiyo ni dalili ya uchumi wenye afya.

"Mama Winnie, umesikia?" Rahim aliita. "Mambo yanakaa sawa!"

Modesta alimwachia Odeta karai, akapiga simu Geita papo hapo.

"Baba Winnie, kazi zimerudi. Redio imetangaza."

"Kweli?"

"Wametaja mpaka asilimia!"

"Basi Jumamosi nakuja."

Hakuuliza kiwanda gani kinaajiri wala zamu ya saa ngapi. Modesta hakulitilia hilo maanani, maana furaha ilikuwa imemziba masikio. Alifua mapazia, akasogeza nguo zake upande mmoja wa kabati, akamwambia binti yao Winnie kwamba baba anarudi. Winnie alitaka kujua kama baba atamtambua, kwa kuwa alimwacha darasa la pili na sasa ana urefu wa kufikia komeo la juu. Modesta alimjibu asiulize maswali ya kipuuzi, kisha akaenda kulia bafuni.

Alhamisi mchana Mwalimu Ndalahwa alikuja kuchukua samaki wake. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, lakini hesabu haikuwa imemstaafisha yeye. Hata ukimsalimia alikuwa na namna ya kukuangalia kama anayetafuta kosa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Huyo sato usimkaushe sana."

Rahim alikuwa anamsubiri tangu Jumatatu. "Mwalimu, wewe si ulisema uchumi umelala? Takwimu ulizisikia?"

"Nilizisikia. Swali ni kazi gani."

"Kazi ni kazi! Mwaka juzi barabara hii ilikuwa na wakaanga samaki wawili. Leo wako saba. Wote saba wanakula, watoto wanaenda shule. Hiyo siyo afya?"

"Samaki wameongezeka?"

"Hapana."

"Wanunuzi wameongezeka?"

Rahim alikuna kichwa. "Wapo wapo."

"Basi mkate ni uleule, umekatwa vipande saba badala ya viwili, na wewe unashangilia vipande."

"Afadhali kipande kuliko kulala njaa, Mwalimu. Asiye na kazi kabisa akipata ya kufanya, hiyo ni hatua. Au unataka wasihesabiwe?"

"Wahesabiwe. Hesabu haidanganyi. Ila inajibu swali ililoulizwa, haijibu lile uliloliwaza wewe." Mwalimu akamgeukia Modesta. "Mama Winnie, mwezi wa tatu si alipita binti wa takwimu na kishikwambi?"

"Alipita."

"Alikuuliza kama wiki ile ulifanya kazi yoyote, hata ya saa moja?"

"Nikamwambia nakaanga samaki."

"Na Odeta?"

"Nikamwambia ananisaidia."

"Na angepita mwaka juzi, ulipotoka kiwandani?"

Modesta alifikiri. "Ningemwambia nimekaa tu."

"Umeona? Ajira mpya mbili ziko hapa mbele yetu, zinanuka kitunguu saumu."

Rahim alikuja juu, akasema Mwalimu anamdharau mama wa watu. Mwalimu akasema hamdharau hata kidogo, mama huyu anafanya kazi kuliko alivyowahi kufanya yeye maishani. Waliendelea hivyo mpaka samaki akapoa. Modesta hakuwasikia tena. Alikuwa ameduwaa na mwiko mkononi, anawaza kwamba zile kazi alizomwitia mumewe ni yeye mwenyewe, yeye na karai lake alilolinunua kwa sababu mume ameondoka.

Ijumaa nzima hakusema kitu. Alijiambia kwamba mwanamume akishaingia ndani, akishakula na kulala, hatageuza tena. Alimtaka Nkwabi kiasi kwamba alijionea haya. Lakini kila alipojaribu kuifurahia Jumamosi alimwona Nkwabi Jumatatu itakayofuata, amepiga pasi shati, anatoka geti hili kwenda geti lile, mlinzi anatikisa kichwa kabla hajaulizwa, na huko Geita nafasi yake shimoni imeshachukuliwa na mtu mwingine. Uso atakaokuwa nao aliwahi kuuona mara moja, siku majina ya waliopunguzwa yalipobandikwa kiwandani. Hakutaka yeye ndiye aurudishe.

Jumamosi asubuhi aliteremka mpaka ziwani, akasimama kati ya mawe ambako wanawake walikuwa wanaanika dagaa, akapiga simu.

"Uko wapi, Baba Winnie?"

"Niko stendi."

"Nisikilize kabla hujapanda. Zile kazi za redio ni mimi."

"Ni wewe kivipi?"

"Mimi na Odeta. Sisi ndio tuliohesabiwa. Kiwandani hakuna kitu, nilikuita bure. Usiache shimo lako kwa maneno yangu." Akamalizia haraka. "Nisamehe."

Nyuma yake wapiga debe walikuwa wanaita abiria.

"Modesta," Nkwabi alisema, na hakuwa amemwita hivyo tangu Winnie azaliwe. "Shimo liliingia maji mwezi wa pili. Lilifungwa."

"Lakini kila wiki unasema..."

"Nabeba ndoo za maji ya kuoshea mchanga. Siku mbili kwa wiki, tatu nikibahatika. Huku nako alipita mtu na kishikwambi. Nikamwambia nina kazi."

Modesta alihesabu kwa vidole, kisha akapiga kelele mpaka wanawake wa dagaa wakageuka. "Miezi mitano! Miezi mitano mimi nakumbatia mto, na wewe uko hapo, mwendo wa asubuhi moja, hakuna hata kinachokushikilia!"

"Ningekuja na nini mkononi? Nilisema kazi zikirudi. Uliponipigia Jumatatu nilijua hakuna kiwanda kilichofunguliwa. Nikasema afadhali, nimepata kisingizio. Nitashuka kwenye basi kama watu wengine. Sasa na hicho umeninyang'anya."

"Nilikuwa na hamu nawe, Nkwabi. Hamu mpaka nikamwamini mtangazaji."

Modesta alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Njoo hivyo hivyo."

"Bila kazi?"

"Bila kazi. Akikuuliza mtu umefuata nini, sema umemfuata mkeo."

Nkwabi alivuta pumzi. "Nimefika hapa saa kumi na mbili," alisema taratibu. "Mabasi matatu yameondoka nayaangalia."

"Panda la nne," Modesta alisema, na hakukata simu mpaka alipomsikia akimtajia kondakta jina la Mwanza.