Mikono ya Chiriku

Kabla homa haijamnyang'anya masikio, mtoto yule alikuwa msemaji kupita kiasi. Alianza kuongea mapema, akaongea na kuku, akaongea na viatu, akaongea hata usingizini, mpaka mama yake akambandika jina la Chiriku, na lile la ubatizo likasahaulika. Kisha ikaja homa ya uti wa mgongo. Mtoto alipona, ila tangu siku aliyoinuka kitandani hakusikia tena hata mlango ukibamizwa nyuma yake. Maneno aliyokuwa nayo yakaanza kumponyoka moja moja kama shanga za uzi uliokatika, na kabla hajafikia umri wa chekechea alikuwa amenyamaza kabisa. Jina tu ndilo halikunyamaza.

Mama yake alifariki mwaka uliofuata, kwa uzazi, yeye pamoja na kichanga chake. Baba hakuwa na namna ya kumweleza Chiriku kwamba mama harudi. Alimpeleka kaburini akamwonyesha. Mtoto akalitazama kaburi, akamtazama baba, akamshika mkono wakarudi nyumbani. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila jioni alikaa kizingitini akitazama njia.

Baba huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima ulimwita Fundi, basi. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, paa la bati na sakafu nyeusi kwa masizi, na humo alitengeneza mageti, grili za madirisha na vitanda vya chuma. Yeye na binti yake walikuwa na lugha yao ya nyumbani. Kupiga kiganja mezani ni njoo ule. Ngumi chini ya shavu ni kalale. Kidole kikizungushwa hewani ni ngoja kidogo. Ilikuwa lugha ya mambo ya hapa na sasa. Haikuwa na jana, haikuwa na kesho, na wala haikuwa na kwa nini.

Kisha Mchungaji wa kanisa lao akaja na habari. Kulikuwa na shule ya watoto viziwi, ya bweni, iliyosimamiwa na shirika la Wakristo wa ng'ambo. Waumini wa huko, watu wasiomjua Chiriku hata kwa sura, walikuwa wakichanga ili watoto ambao wazazi wao hawana uwezo wasome. Nafasi moja ilikuwa imepatikana. Fundi alishukuru kwa adabu zote, kisha akakataa. Alisema shule ilikuwa mbali mno, safari ya kutwa nzima kwa basi, na mtoto hajui hata kuomba maji kwa mtu mgeni.

Aliyemgeuza ni dada yake mkubwa, Shangazi kwa Chiriku, mwanamke aliyekuwa akiishi nao tangu msiba, na ambaye ulimi wake haukuwahi kwenda likizo.

"Mdogo wangu," alimwambia, "mtoto si geti, kwamba utamsimamisha mlangoni pako milele. Leo anakuomba maji wewe. Ukifa, atamwomba nani?"

Siku ya safari Fundi alimnunulia binti yake begi na viatu vipya. Njia nzima Chiriku alichangamka, akimwonyesha ng'ombe na madaraja dirishani, maana aliamini wanakwenda matembezi na jioni watarudi. Walipofika, matroni wa bweni akamshika mkono kwa upole. Fundi alisimama pale getini akitafuta ishara ya kusema utakaa hapa, utasoma, shule zikifungwa nitakuja kukuchukua, sikuachi. Hakuwa nayo. Mwishowe akazungusha kidole hewani: ngoja kidogo. Chiriku akatikisa kichwa kukubali, akakaa juu ya begi lake kungoja. Fundi akaondoka bila kugeuka, maana alijua akigeuka hataondoka.

Nyumba ilimpwaya kama koti la marehemu. Akila, kiganja chake kilipiga meza chenyewe. Shangazi aliona, akajifanya hakuona. Karakanani alichomelea mpaka wateja wakashangaa kazi zao kumalizika kabla ya ahadi, jambo ambalo kwa fundi yeyote ni dalili ya ugonjwa.

Shule zilipofungwa alikwenda kumpokea kituo cha basi. Alimwona kabla hajaonwa. Chiriku alikuwa amesimama na wenzake wawili, mikono yao ikipaa, ikigongana, ikikatizana, nyuso zikikunjuka na kukunjamana, na binti yake ndiye aliyekuwa akiongoza maongezi. Alisema jambo, wenzake wakashika mbavu. Chiriku amerudi, Fundi aliwaza, na moyo ukamruka kwa furaha. Hatua chache mbele furaha hiyo ikamgeukia, kwa sababu hakujua binti yake amechekesha kwa kusema nini.

Nyumbani, mtoto alimsimulia mambo kwa ile mikono ya mbio. Fundi alitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Chiriku alisimama katikati ya hadithi, akamchungulia machoni, akaelewa. Akashusha mikono. Kisha taratibu, kama mtu anayezungumza na mtoto mchanga, akapiga kiganja mezani: njoo ule.

Ikawa hivyo likizo baada ya likizo, miaka ikaenda. Msichana alirefuka, alijua kusoma, alijua hesabu na nchi za dunia. Kuandikiana nako hakukuwasaidia sana, kwani Fundi aliacha shule mapema na kalamu mkononi mwake ilikuwa nzito kuliko nondo. Chiriku alipokuwa mbali, baba alikuwa na hamu naye. Alipokuja, hamu ilizidi, maana sasa binti alikuwa upande wa pili wa meza na bado hafikiki. Mara nyingine alimwona amekaa peke yake uani, mikono ikisema jambo dogo hewani, kama mtu anayejiimbia, na Fundi akajikuta anaionea wivu hewa.

Mwaka mmoja wazazi wote waliitwa shuleni. Wageni wa ng'ambo walikuwa wanakuja kuwaona watoto wanaowasomesha. Fundi alivaa suti yake ya harusi, iliyokataa kufunga vifungo, akapanda basi. Ugeni uliongozwa na mama mmoja mzee, mpishi mstaafu wa hospitali, mnene, mwenye viatu vya raba na uso mwekundu kwa jua. Mchungaji ndiye aliyemtafsiria. Watoto walionyesha michezo yao, na Chiriku akasimama mbele ya ukumbi akatoa shairi kwa mikono tu. Ukumbi mzima ukainua viganja na kuvitikisa, ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Fundi naye akatikisa vyake. Jirani yake alimpongeza kwa shairi zuri. Alijibu ahsante, bila kujua limesema nini.

Baadaye yule mama mzee alikaa na wazazi peke yao akauliza kimebaki nini cha kusaidiwa. Mzazi mmoja akashukuru kwa madawati. Mwingine akashukuru kwa bwalo. Zamu ikamfikia Fundi. Alikuwa ameandaa shukrani tangu kwenye basi, na aliposimama akaanza nazo vizuri.

"Tunashukuru sana. Mmempa mwanangu maneno." Mchungaji akatafsiri, akamngojea. "Ila mimi sina. Hapa anaongea na kila mtu, hata na mpishi wa shule. Akija kwangu ananipigia meza kama mtoto mchanga. Mimi nataka kujua mwanangu anasema nini."

Mchungaji alikohoa, na ilionekana anapima kama ayalainishe maneno yale kabla ya kuyavusha upande wa pili. Kisha kutoka nyuma mama mmoja akasema, "Hata mimi." Mzee mmoja akasema naye ni hivyo hivyo, binti yake anaolewa na hajawahi kumuuliza kama anampenda huyo mwanamume. Mkono baada ya mkono ukainuka.

Mchungaji akayatafsiri yote, bila kulainisha. Yule mama mzee aliomba ayarudie. Aliinama akitazama raba zake, kisha akamjibu Fundi kwamba kwao huwa wanaomba picha za watoto wakiwa darasani, na wakizipata hufurahi, na hakuna aliyewahi kuuliza mtoto akifika nyumbani inakuwaje.

"Sitakuahidi nisichokiweza," alisema. "Lakini nitawaambia wenzangu kule kama ulivyoniambia."

Fundi alirudi nyumbani akiamini ameharibu. Shangazi alipoisikia habari hiyo alishika kiuno akasema mdomo wa mtu aliyenyamaza miaka mingi ukifunguka huwa hauna breki. Lakini mwanzoni mwa mwaka, Mchungaji akatangaza kanisani kwamba shirika limemtuma mwalimu awafundishe wazazi wa eneo lile lugha ya alama, kila Jumapili baada ya ibada, katika chumba cha kwaya.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana kiziwi, zao la shule ile ile. Hakutumia sauti hata kidogo. Alionyesha, akaandika ubaoni, akaonyesha tena. Fundi alikuwa mwanafunzi mbovu kuliko wote. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa makovu ya cheche, herufi moja akiitaka inatoka nyingine, na siku moja mwalimu aliandika ubaoni kwamba Fundi ana kigugumizi cha vidole. Darasa likacheka, naye akacheka. Shangazi alimsindikiza mara chache, akamwonea huruma.

"Samaki hukunjwa angali mbichi," alimwambia njiani. "Wewe, mdogo wangu, ulishakauka zamani."

Lakini hakukosa Jumapili hata moja. Alifanya mazoezi akiwa amevaa kinyago cha kuchomelea, kati ya kipande na kipande cha chuma. Baba. Nyumba. Njaa. Jana. Alipojifunza jana na kesho, alikaa juu ya rundo la nondo akazirudia mpaka mteja aliyekuja kuchukua geti lake akauliza kama anafukuza nzi.

Chiriku aliporudi likizo, Fundi hakumwambia kitu. Alisubiri wamalize chakula, akafuta mikono kwenye suruali, akaanza.

"Jana mimi furaha," alisema kwa mikono. "Leo wewe kuja. Furaha kubwa."

Chiriku aliganda. Akamtazama baba, akamtazama Shangazi, akarudi kwa baba. Kisha akamshika kidole kimoja akakinyoosha, maana badala ya kubwa alikuwa amesema chungu. Wakacheka. Jioni ile walisema mambo madogo madogo, mvua, kuku, mwalimu mkali, na Fundi aliomba kila jambo lirudiwe. Chiriku akarudia bila kuchoka.

Siku ya tatu au ya nne alikuja karakanani na uso wa mtu aliyeamua. Akamfanya baba avue kinyago. Alisema jambo, na Fundi hakulipata. Akasema tena polepole, akikata kila neno.

"Kwa nini ulinitupa?"

Fundi aliweka chini kila alichoshika.

"Ulisema ngoja kidogo," mikono ya binti yake iliendelea, na alipofika hapo alitumia ile ishara yao ya nyumbani, kidole kikizunguka hewani. "Nikangoja juu ya begi. Jua likazama. Matroni akanibeba ndani. Asubuhi nikarudi getini nikangoja. Mama aliondoka, na wewe ukaondoka. Nikajua mimi ni mbaya."

"Lakini nilikuja," Fundi alisema. "Shule kufunga, mimi kuja."

"Ulikuja. Ukanirudisha tena. Kila mara nilifikiri safari hii hutakuja."

Fundi alitafuta maneno. Alikuwa nayo machache, akayapanga kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Sikutupa. Wewe si mbaya. Mimi maneno sina. Siku ile mimi kulia, basi, njia yote. Kila siku, nyumba, mimi..." Akakwama. Alilolitaka hakuwa amefundishwa. Akaweka kiganja kifuani, akakivuta mbele kuelekea kwa mtoto, akakirudisha kitupu, tena na tena, huku machozi yakimchirizika juu ya masizi.

Chiriku aliitazama mikono ile hadi ilipochoka. Kisha akaichukua, akaikunja vizuri, akaisogeza mahali panapostahili, akamfundisha alama ya hamu. Fundi akairudia. Binti akamrekebisha kidole gumba. Akairudia tena. Safari hii Chiriku hakurekebisha. Akamwegemea begani, na wakakaa hivyo mpaka Shangazi akaja kuuliza kama chakula kiliwe na paka.

Tangu hapo maswali yakafunguka. Alitaka kujua alizaliwa wapi, kwa nini Shangazi hana mume, watu wale wa ng'ambo wanampendea nini mtu wasiyemjua. Hilo la mwisho Fundi alisema hajui, naye hujiuliza, na kwamba huwataja katika sala zake kwa mikono sasa, kama mazoezi.

Likizo ilipokaribia kwisha, mvua iliwafungia karakanani siku nzima. Chiriku alikaa juu ya kitanda cha mteja kisicho na godoro. Aliuliza mama alikuwaje. Fundi akasema mrefu, mzuri, mkali. Binti akapunga mkono, hayo alishayaona kwenye picha.

"Sauti yake," alisema. "Niliwahi kuisikia. Ilikuwaje?"

Fundi aliisikia bado sauti ile, yenye ukwaruzo kidogo asubuhi, ikimwita Chiriku kutoka uani kwa kuivuta ile u ya mwisho. Angeiwekaje mikononi? Mwishowe akainua vidole.

"Mama," alisema. "Kanisani. Kuimba. Vibaya."

Chiriku alimkodolea macho. "Vibaya?"

"Vibaya sana. Watu kugeuka."

Msichana akaangua kicheko, kile kicheko chake kikubwa ambacho yeye mwenyewe hakukisikia, akajikunja juu ya kile kitanda mpaka chuma kikalia. Fundi naye akacheka. Kisha binti akajifuta macho, akakaa vizuri, akamfanyia ishara aendelee.

Akaendelea. Alieleza jinsi mama yake alivyobembeleza, alivyogombeza, alivyocheka kwanza kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe. Kila alichokisema kilikuwa kidogo kuliko alichokuwa nacho, na alijua. Palipomwishia maneno alitumia uso, palipomwishia uso akasimama na kuigiza. Nje mvua ikaanuka, maji yakatiririka mlangoni, na hakuna hata mmoja wao aliyeinuka kwenda kutazama.