Ubavu Usiobonyezwa

Mwoka mikate alikuwa na mikono iliyotaniwa mtaa mzima. Mumewe, fundi makochi, alisema mkewe akikupungia tu unachubuka. Lakini presha ilipompanda, mikono hiyohiyo ndiyo aliyoililia.

Na haikuwa presha ile ya kuishi nayo kimyakimya. Hii ilikuja kwa vishindo. Fundi ameinama kukaza mikanda ya kochi, mara moyo unamwenda mbio, kichwa kinataka kupasuka, jasho linamtiririka na uso umemwisha damu. Zahanati walimpa vidonge, wakamwambia apunguze mawazo.

"Mawazo gani?" alimuuliza mkewe njiani. "Mimi nawaza misumari na sponji tu."

Basi mkewe akawa anamlaza chali na kumkanda chini ya mbavu, pale alipodai pana uzito. Akikandamiza, kishindo kinapanda mpaka fundi anataka kuwehuka, kisha kinashuka na usingizi unamchukua. Wote wawili wakaridhika kwamba ugonjwa unatoka. Mwaka mzima alimkanda hivyo, kwa mapenzi yake yote, maskini.

Ukweli waliupata hospitali kubwa. Daktari, mama mmoja wa sauti ya chini, aliwaonyesha picha: juu ya figo kuna tezi ndogo, na ndani yake umeota uvimbe unaotengeneza homoni ileile inayomwagika mwilini mtu akishtuka. Uvimbe unaimwaga ovyo, presha inaruka. Ni ugonjwa wa nadra, ndiyo maana hakuna aliyeushuku. Fundi angetumia dawa za kulegeza mishipa kwanza, halafu apasuliwe, na wengi hupona.

Fundi alipotoka kupeleka mkojo maabara, daktari akaongeza, "Mama, ubavu wake usibonyezwe. Kuubonyeza uvimbe ule ni kuukamua."

Mwoka mikate alivitazama viganja vyake. Aliona haya, haya ya kutamani ardhi impasukie. Nyumbani alimwambia mumewe na wifi yake, dada wa fundi aliyekuja kusaidia uuguzi, neno moja tu: daktari amekataza kukanda. Sababu aliimeza. Angewaambiaje kwamba mwaka mzima yeye ndiye aliyekuwa akiukamua?

"Madaktari hawaishi kukataza," wifi alisema, akaendelea kuosha vyombo.

Siku ya upasuaji ilikuwa imekaribia. Mchana mmoja fundi alikuwa akivaa viatu, kishindo kikamkamata, kikubwa kuliko vyote. Alianguka kitandani, akamshika mkewe kanga.

"Nikande, mke wangu. Kidogo tu."

"Siwezi, baba. Daktari amekataza."

"Mbona siku zote uliweza?"

Machoni mwake mlikuwa na mshangao wa mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mkewe alijitoa mikononi mwake, akakimbia barabarani kutafuta gari.

Aliporudi na dereva alimkuta wifi amepiga magoti kitandani, viganja vyote viwili ubavuni mwa kaka yake, anakandamiza kwa uzito wake wote. "Inatoka, kaka, inatoka," alikuwa akisema. Mwoka mikate alimvuta begani mpaka wakaanguka wote sakafuni. Fundi alikata roho ndani ya gari, kabla ya kufika hospitali.

Msibani wanawake walikaa mkekani, na wifi, macho yamemvimba, akawa anawasimulia. Kaka yake aliomba kukandwa, mkewe akakataa, akamwacha mgonjwa na kutoka mbio. "Mimi angalau nilimkanda mpaka mwisho," alisema. "Nikifikiria hilo, ndipo napata usingizi."

Vichwa vikamgeukia mwoka mikate. Maneno ya daktari alikuwa nayo mdomoni, machache tu, ya kumsafisha mbele ya wote. Alimtazama wifi yake. Alijua usiku wa mtu anayeyajua maneno yale unavyokuwa.

"Ni kweli, wifi," alisema. "Mimi nilikataa."