Perege Aliyekataa Kula

Kr, kr, kr. Gizani, kabla jogoo wa jirani hajaanza, niliwasikia perege wakisogeza kokoto kwa midomo chini ya tangi la kioo. Ni sauti ndogo, hata panya anaweza kuitoa, lakini nilikwisha kuizoea kama pumzi za mwanangu Pasikali aliyelala ubavuni kwangu. Samaki anayetafuta chakula ni mzima. Nikashukuru, maana asubuhi ile nilikuwa nasafiri.

Niliwasha koroboi, nikajifunga kanga, nikaenda sebuleni. Perege watano walikuwa wakihangaika na kokoto zao. Wa sita, jike kubwa, alikaa kona peke yake, mashavu yamejaa, mdomo ameufumba. Ndani ya mdomo ule mlikuwa na watoto. Ndivyo anavyolea perege: mayai anayaweka mdomoni, watoto wanaanguliwa humo humo, na muda wote huo mama mtu hali kitu. Mume wangu Kipriani ndiye aliyenieleza. Yeye ni bwana samaki hapa Kibondo, kazi yake kuwashawishi watu wachimbe mabwawa. Watu walikuwa wakimcheka. Samaki ni wa ziwani, wakamwambia, huku milimani ataishi wapi? Basi akamwomba fundi amtengenezee sanduku la vioo vya dirisha, akawaleta perege sita, ili siku ya maonyesho ya Saba Saba wale wabishi wajionee kwa macho. Halafu yeye akaitwa mafunzoni Kigoma. Tangi likabaki nyumbani, na mimi nikabaki na tangi.

Kumbe na mimi nilikuwa naitwa. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na kamati ya elimu ya watu wazima ikanichagua kwenda Kasulu kwenye semina ya wiki moja, ili nikirudi nilifundishe darasa la kina mama la hapa mtaani. Nilipomwambia Kipriani, siku aliyokuwa anafunga sanduku lake la safari, alicheka.

"Nenda, Mama Pasikali. Lakini wale samaki wakifa, usiniambie tena habari za kufundisha. Mtu aliyeshindwa na samaki sita ataweza wanawake arobaini?"

Alisema akicheka, ndiyo. Lakini mume wangu namjua. Maneno mazito yote huyasema akicheka.

Mama mkwe, ambaye mwaka uliotangulia alikaa nasi, alikuwa amerudi kutoka Titye kunishikia nyumba. Nilimwonyesha kila kitu kwa mwanga wa koroboi.

"Pumba kidogo tu, mama. Hivi, ya vidole vitatu. Asubuhi, basi."

"Vidole vitatu? Hata kifaranga hashibi hapo."

"Hawa wanashiba. Na maji, ukitoa jagi moja, tia jagi moja. Usiyatoe yote. Na huyu mkubwa asipokula, mwache."

Aliniangalia kama niliyetukana. "Asipokula nimwache? Mwana wanje, mwanangu we, nimelea watoto wanane. Asiyekula ni mgonjwa."

"Si mgonjwa, mama. Ana watoto mdomoni."

"Haya, haya. Wengine huwabeba mgongoni, huyu mdomoni. Nenda, basi litakuacha. Kitoweo hakitanishinda mimi."

Nikambusu Pasikali usingizini, nikaondoka. Neno lile, kitoweo, lilinikaa kooni kama mwiba mpaka Kasulu.

Semina ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa haki, maana nusu yake sikuisikia. Mwalimu Tharsisi, aliyeiongoza, alikuwa ubaoni akieleza namna ya kumfundisha mtu mzima bila kumwaibisha, na mimi macho yangu yalikuwa ubaoni, lakini nilichokiona ni paka wa jirani kakaa juu ya tangi. Nikaandika "paka" kwenye daftari katikati ya somo, nikaifuta.

Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, nilikwenda sokoni nikamkuta Hilali, dereva wa lori, kaka yake jirani yangu Shamsia. Alikuwa ametoka Kibondo asubuhi ile.

"Shemeji! Nyumbani kwako sasa ni sinema!"

"Sinema gani?"

"Watu wanakuja kutazama samaki. Tangu alfajiri. Na hakuna anayekuja mikono mitupu, wewe si unawajua watu wetu? Huyu tonge la ugali, yule kiporo cha maharage. Shamsia mwenyewe kapeleka kitumbua."

"Kitumbua? Kwa samaki?"

"Sasa aingie nyumba ya watu bila kitu? Mama mkwe wako anapokea, anashukuru, anatumbukiza majini. Wote wanakula isipokuwa yule mnene. Bibi anasema huyo atamtibu."

"Atamtibu kwa dawa gani?"

"Aa, mimi ni dereva bwana, si mganga."

Nilimshika mkono wa shati pale pale sokoni. Nikamwomba akirudi amwambie mama asiwape kitu chochote tena, hata punje. Aliniahidi. Na kweli alimfikishia. Baadaye nilikuja kusikia alivyojibiwa: "Nimfukuze mgeni na chakula chake mkononi, ili iweje?"

Mchana ule nilikwenda kwa Mwalimu Tharsisi kuomba ruhusa. Kosa langu, nilikwenda mbele ya darasa zima.

"Una mgonjwa nyumbani?" akauliza kwa huruma. "Mtoto?"

"Hapana, mwalimu."

"Nani basi?"

Uongo ulinijia mpaka kwenye ulimi, ukakataa kutoka. "Samaki," nikasema.

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja wa Kabanga, Esteri, ambaye tulikuwa tunalala chumba kimoja, alishika mbavu. "Muulizeni anaumwa nini, isije ikawa amekwamwa na mwiba!"

Hata Mwalimu Tharsisi alicheka, ingawa aligeukia ubao. Aliponigeukia tena alisema kwa upole, "Mama, ukiondoka kabla ya kufunga, cheti sitakuwa na njia ya kukupa. Na bila cheti, darasa lako atapewa mtu mwingine."

Nikarudi kuketi. Nikiondoka, hakuna darasa. Nikikaa na samaki wakafa, hakuna darasa. Nililipindua jambo hilo kila upande kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba ya udongo usiku, na kila nilipogusa palikuwa ukuta. Nilikaa. Usiku Esteri aliponiona nalia aliniomba radhi, akanipa nusu ya ndizi yake, halafu akaanza kucheka tena, masikini, hakuweza kujizuia.

Siku ya kufunga nilipokea cheti kwa mkono mmoja, mzigo uko kwenye mkono wa pili. Basi lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Nikapanda lori la Hilali, na lori la Hilali halina haraka na mtu. Lilisimama kupakia maharage, likasimama kupakua chumvi, likapata pancha, likasimama tena ili Hilali amsalimie shangazi yake. Nilikaa juu ya magunia, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, nikimsikia kule chini, "Na watoto je? Na ng'ombe je?" Ningeweza kushuka nikalisukuma lile lori peke yangu.

Tulifika jua linazama. Nilisukuma mlango bila hata kupiga hodi.

Cha kwanza nilichoona kilinipa moyo: maji yalikuwa meupe, safi kuliko nilivyoyaacha. Cha pili kikauondoa. Perege watatu walikuwa wanaelea, matumbo juu. Waliobaki walikuwa wametoa midomo nje ya maji, wanapiga cho, cho, cho, kama watu wanaomeza moshi. Jike kubwa alikuwa kati yao, mashavu bado yamejaa.

"Karibu, mwanangu," mama mkwe alisema akitoka jikoni, uso wote tabasamu. "Umeona maji? Yalichafuka hayo, yakanuka mpaka Shamsia akaacha kuja. Leo mchana nimeyamwaga yote, nikatia mapya."

"Yote?"

"Yote. Na si ya hivi hivi. Nimechemsha debe zima. Nikalifunika vizuri mpaka yakapoa, mdudu asiingie. Yule mnene nilijua ni tumbo tu linamsumbua. Si ninyi mlitufundisha?"

Ndiyo, sisi. Mwaka uliotangulia, kwenye kikundi cha redio, tulisikiliza vipindi vya afya kila wiki, na mimi ndiye niliyewasomea wenzangu kitabu. Yeye alikuwa mbishi kuliko wote. Alisema maji yaliyochemshwa hayana ladha, yananuka sufuria. Mpaka Pasikali alipoharisha, tukamshika kati yetu kama jani lililonyauka, na alipopona bibi yake akaanza kuchemsha. Tangu siku hiyo hakuna mtu Kibondo nzima aliyechemsha maji kama yeye.

Haya yote niliyajua. Lakini hasira ya wiki nzima ilikuwa imekwisha panda.

"Mama, umewaua! Maji ya kuchemsha ndiyo yanawaua!"

Aliweka kata mezani, taratibu sana.

"Yanaua."

"Samaki, mama. Nasema samaki."

"Maji niliyompa mjukuu wangu mwaka mzima, kumbe yanaua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jana chemsha, leo yanaua. Na hilo darasa lako, wenzio utawafundisha nini? Kesho utawaambia wasioge?"

Niliwahi nje, ndoo ya maji ya mtoni ilikuwa ukutani, nikaiburuta ndani. Nikachota kwa jagi, nikainua juu kabisa, nikamimina tangini kwa kishindo, nikachota humo humo tena, nikamimina tena, kama muuza chai anayepoza chai. Nilikuwa nasema huku namimina, nusu namwambia yeye, nusu nalia.

"Yakichemka hewa inatoka, mama. Samaki anavuta hewa ya ndani ya maji. Wewe unavuta hii ya nje. Kwako maji hayo ni mazuri, kwake ni kama kufunikwa gunia."

Alikuwa amenipa mgongo. Niliendelea kumimina. Ndipo nikasikia jagi la pili likigonga ndoo. Alisimama upande wa pili wa tangi, akachota, akainua juu kuliko mimi, akamimina.

Jike kubwa alifungua mdomo. Wakamwagika kama punje za ulezi zenye macho, wakatawanyika, wakajikusanya juu juu, ukawa wingu dogo linalotetemeka. Mama yao aliwazunguka mara moja. Kisha akalala ubavu, akashuka polepole mpaka kwenye kokoto, hakuinuka tena.

Mama mkwe aliweka jagi chini.

"Kumbe kweli walikuwa humo."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi namlazimisha maharage." Akavuta kigoda, akaketi, akafuta mikono kwenye kanga kwa muda mrefu. "Alijinyima, masikini. Na mimi namsukumia maharage."

Hasira yangu ilitafuta pa kukaa, haikupata. Wakubwa wawili walikuwa hai, na lile wingu. Saba Saba ilikuwa inakaribia, na Kipriani pamoja nayo. Angeona nini, samaki wanne waliokufa au watoto wasiohesabika? Sikujua. Hata sasa naandika bila kujua angeanzia upande gani kama angeingia saa ile.

"Akija nitasema mimi," mama mkwe akasema, kama aliyenisikia. "Nitamwambia ni mimi. Lakini jambo moja ujue. Kuchemsha, mimi basi."

"Mama, nimekueleza..."

"Umenieleza, nimesikia. Hewa, sijui gunia. Nimeona kwa macho yangu. Mimi basi."

Nilimweleza tena, na tena, kwa maneno yote niliyofundishwa Kasulu ya kumfundisha mtu mzima bila kumwaibisha. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama anavyoitikia kanisani padre anaporefusha mahubiri. Mwisho akachukua kata, akachota kwenye ndoo ile ile ya mtoni, akanywa yote akiniangalia.

Pasikali alitokea chumbani, anafikicha macho, kanga ikiburuzika nyuma. Hakunishangaa hata kidogo, alikuwa na kiu. Bibi yake akachota tena, akamnyooshea kata.

Pasikali alisogea, akachungulia ndani ya kata, akachungulia tangini.

"Bibi, hayo maji ni ya samaki. Yangu ya kuchemsha yako wapi?"