Mara ya Tano

Mara nne, mwezi baada ya mwezi, mjane Aldusa alisimama mbele ya baraza la jimbo akasema maneno yale yale: kwamba Jumatano ya pili ya Kwaresima, Drogo, mlinzi wa msitu wa mfalme, alimpiga Hamo, mwana wa mjane huyo, shoka la kichwa, jeraha la urefu wa shubiri na kina cha vidole viwili, akafa papo hapo. Kwa sheria, neno moja likipungua, kesi imekufa. Aldusa hakuwa na ndugu wa kiume wa kushtaki kwa niaba yake. Leo ilikuwa mara ya tano, ya mwisho. Akimaliza salama, Drogo, aliyeletwa kutoka gerezani kwa pingu, angejibu kwa shingo yake.

Lakini kwanza karani alipanda benchi kusoma hati ambayo mabwana wenye panga walikuwa wamembana mfalme hadi akaitia mhuri.

"Hakuna mtu huru atakayekamatwa wala kufungwa, ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi."

Sibila, jirani wa Aldusa, akamgusa kiwiko. "Umesikia? Hata mfalme sasa ana wa kumwambia keti chini."

"Nimesikia, shoga." Aldusa alilia bila haya. Aliyemuulia mwana alikuwa mtu wa mfalme.

Karani akaendelea: mitego ya samaki mitoni, vipimo vya mvinyo. Watu walianza kupiga miayo. Kisha: "Hakuna mtu atakayekamatwa wala kufungwa kwa mashtaka ya mwanamke juu ya kifo cha yeyote, isipokuwa cha mumewe."

Liwali, mkuu wa baraza, aliyenuna tangu mwanzo, akachangamka. "Rudia hapo."

Karani akarudia.

"Mama, aliyeuawa ni mumeo?"

"Ni mwanangu, bwana. Umenisikia mara nne."

"Basi nikimshikilia navunja sheria. Mfungueni Drogo."

Ndivyo walivyo wakubwa. Sheria ya kuwabana wao huisikiliza kwa kununa. Ya kumbana mjane huomba isomwe mara mbili.

Drogo alipita akisugua vifundo vya mikono. "Pole, mama. Ungeolewa naye ungenipata."

"Twende, mwenzangu," Sibila akamvuta. "Yamekwisha."

Aldusa akajinasua. Akasimama pale pale pa siku zote, akaanza: Jumatano ya pili ya Kwaresima. Liwali alikwisha kuita kesi ya mpaka wa shamba. Alipofika kwenye shubiri, askari alimshika bega akamsukuma nje. Vidole viwili alivisemea mlangoni. Hakukosea hata neno.