Aliyekwenda Kaskazini

Vernell Tubbs alikuwa na miaka sabini na miwili na magoti mabovu, lakini ukimtia msituni mwezi wa pili, majani yamepukutika na nyoka wamelala, alipenya miibani kuliko mbuzi. Alikuwa ameendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, badala ya kukaa barazani kusengenya watu kama wenzake, akaanza kutafuta makaburi. Kaunti yao, huko Alabama, ilikuwa imejaa makaburi yaliyopotea: ya watumwa, ya wakulima wa mashamba ya watu, ya makanisa yaliyohamia kando ya lami yakaacha wafu wake porini. Ofisi ya kaunti ilikuwa na orodha ya makaburi hayo, na zaidi ya nusu aliyapata yeye.

Ijumaa hiyo alikuwa mbioni. Jumatatu kampuni ya mbao ingeanza kukata misonobari, na mahali fulani ndani ya misonobari hiyo palikuwa na makaburi ya zamani ya kanisa la New Canaan, walikozikwa akina Tubbs wote. Yakipatikana, yakapimwa, na karatasi ikafika ofisini kabla ya saa kumi na moja jioni, matingatinga yangepita pembeni. Yasipopatikana, basi tena.

Alikuwa amemuuliza shangazi yake, Ozella, mwenye miaka tisini na mmoja, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya waliowahi kuzika kule. Shangazi alimjibu kwamba amesahau. Shangazi huyo huyo alikumbuka mpaka leo ni nani aliyemwibia kuku mwaka wa hamsini na mbili.

"Bi Vernell, pumzika kidogo," alisema Royce. Huyu alikuwa fundi bomba mstaafu, mzungu mpole mwenye tumbo, ambaye alitafuta makaburi kwa waya mbili za kutundikia nguo zilizokunjwa. Alitembea nazo mbele yake, na zilipopishana alisema hapo chini pana mtu.

"Nipumzike nimefanya nini? Na hizo waya zako tangu asubuhi zimelala fofofo. Zimekurithi."

"Zinasikia maneno yako, ndiyo maana zinagoma."

Vernell hakuamini waya. Aliamini nondo yake nyembamba ya chuma, aliyoichomeka ardhini, maana ardhi iliyowahi kuchimbwa hairudii ugumu wake, na nondo ikifika hapo inazama yenyewe. Zaidi ya nondo aliamini lile jani la kijani lenye vimaua vya buluu, linalotambaa chini na halifi kwa baridi. Wazee waliokosa hela ya mawe walilipanda juu ya wafu wao. Saa sita mchana aliliona, zulia zima la kijani juu ya majani makavu ya misonobari, na mierezi miwili mizee imesimama katikati yake. Akapiga kelele za furaha mpaka Royce akaangusha waya.

Walifanya kazi bila kula. Walihesabu makaburi thelathini na manne, mashimo madogo yaliyobonyea katika mistari minne, yote yakitazama mashariki, ili siku ya kufufuliwa mtu akiinuka akutane na jua usoni. Vernell alifunga utepe wa rangi ya chungwa kuzunguka mistari huku akiimba.

"Babako naye yumo humu?" aliuliza Royce, akiandika.

"Yule? Yule yuko Detroit, au motoni, popote palipomfikia kwanza. Mama yangu alikufa akinizaa. Nilipokuwa na miaka mitano Bibi akaniambia baba yako kaenda kaskazini. Kila mtu alikuwa anakwenda kaskazini siku hizo, kwenye viwanda vya magari. Wengine walituma hela, wengine walirudi na kofia mpya. Wangu alinogewa." Akavuta utepe kwa nguvu. "Nilikwenda Detroit nikiwa na miaka ishirini na miwili, Royce. Nikapiga simu kwa kila Tubbs aliyekuwa kwenye kitabu. Hakuna aliyemjua. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza baba, namwambia sina."

Royce alijitenga, waya zake mkononi, pengine kwa aibu ya kuuliza, akatembea nje ya utepe, hatua kumi na mbili hivi kuelekea mtoni. Waya zikapishana.

"Hapa pana kitu," alisema, "lakini si kaburi. Limekaa vibaya. Limelala kusini na kaskazini. Pengine ni shimo la mti uliong'oka."

Vernell alisimama. Royce alikuwa wa kanisa jingine na wa watu wengine, hakujua. Kwa watu wa Vernell aliyelazwa hivyo alikuwa na jina: aliyekingama. Walimlaza hivyo mtu aliyejiua, amekingama na dunia, ili parapanda ikilia ashindwe kujua ageukie wapi. Bibi alipotaka kuwatisha watoto hakuwatajia shetani. Aliwatajia kukingama.

Akaenda, akapiga magoti, magoti yale mabovu, akafagia majani kwa mikono. Chini yake palikuwa na kipande cha saruji kilichomiminwa kwenye boksi, kimeandikwa kwa msumari kabla hakijakauka. Herufi S zote zilikuwa zimegeuzwa. Akazisoma kwa kidole, kwa sababu macho yalikataa.

ESAU TUBBS. 1959.

"Ni ndugu?" aliuliza Royce.

Vernell alibaki na kidole juu ya jina la baba yake. Mwaka huo ndio aliotimiza miaka mitano. Alisoma tena. Akafuta udongo, akasoma mara ya tatu, labda kulikuwa na Esau mwingine. Hapakuwa na Esau mwingine.

"Bi Vernell, liko peke yake na liko nje ya mistari. Ofisi hawataliingiza bila sahihi ya ndugu. Ni saa nane na nusu sasa."

"Nipeleke kwa Shangazi," alisema Vernell.

Shangazi Ozella alikuwa jikoni kwenye kiti cha magurudumu, ugoro chini ya mdomo, kopo la kutemea mkononi, akitazama mashindano ya mapishi kwenye televisheni. Aliona udongo kwenye magoti ya Vernell, akazima televisheni mwenyewe.

"Umepaona," alisema.

"Mlinidanganya."

"Nani kakudanganya?"

"Miaka sitini na saba! Mlisema kaenda kaskazini!"

"Na kichwa chake kimelazwa upande gani?" Shangazi aliuliza. "Kiko kaskazini. Mama, bibi yako, alikuwa mtu wa kanisa, hakuweza kusema uongo kwa mtoto. Alitafuta neno ambalo si uongo. Wewe ukasikia Detroit, na sisi tukakuacha usikie."

Vernell alikamata ukingo wa meza. Royce, mlangoni, alivua kofia.

"Alijiua?"

"Mimi najua? Mto ulikuwa umefurika. Alikwenda kumtafuta ng'ombe, akaokotwa siku ya tatu. Lakini alikuwa na huzuni tangu mama yako afe, kila mtu alimwona, na mashemasi walikaa kikao wakasema huyu hakuteleza. Wanaume watano waliokunywa kahawa yangu, kwenye meza hii, wakamkingamisha kaka yangu. Nilimimina lile jiwe mwenyewe. Sikuwa najua kuandika vizuri."

"Nilimchukia, Shangazi. Unasikia? Maisha yangu yote. Nilikuwa nakuangalia unanisikiliza nikimtukana, hapa hapa, na wewe unakula tu!"

"Nilikuwa naona aibu, mwanangu. Ikishakaa miaka kumi, unaanzia wapi?"

"Na barua?" Vernell alikuwa analia sasa, kwa hasira, bila kujifuta. "Kila Krismasi nilimwandikia barua, nampa Bibi azipeleke posta. Mlizichoma?"

"Nani achome barua ya mtoto?" Shangazi alionekana kuumizwa kweli. "Zilifika. Zote. Mama alikuwa anakwenda nazo kwa miguu, maili tatu, anamsomea pale chini, halafu anazifukia kwenye chupa ya kuhifadhia matunda. Nilikuwa namsindikiza. Tulimsomea ulivyopanda darasa, ulivyong'oka jino."

Vernell alihesabu kwa midomo. Alikuwa ameandika barua saba. Ya mwisho aliiandika akiwa na miaka kumi na miwili, na aliikumbuka yote kwa sababu ilikuwa fupi: Nakuchukia. Umekufa kwangu. Usirudi.

"Ya mwisho pia?" aliuliza polepole.

Shangazi akatazama kopo lake.

"Shangazi. Ya mwisho pia alimsomea?"

"Ilikuwa yake," alisema Shangazi. "Alimsomea neno kwa neno. Halafu hakuweza kusimama, nikamwinua mimi."

Royce alikohoa. Karatasi ilikuwa mezani na saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika hamsini, na mjini ni mwendo wa dakika arobaini. Aliinama akaongea kwa upole kama mtu anayeamsha mgonjwa.

"Bi Vernell. Samahani sana. Mpaka wa makaburi nitausogeza umzunguke naye, hilo niachie mimi. Hapa wanataka tu uhusiano na marehemu. Naandika nini?"

"Mtoto," alisema Vernell. "Andika mtoto wake."

Lakini Royce naye alikuwa analia, kwa hiyo Vernell alimnyang'anya kalamu, akaandika mwenyewe.