Harufu Waliyoisingizia Pasi

Mama Fundi na bintiye walishonea katika chumba kimoja cha mbele. Mama alikalia cherehani yake ya miguu, na binti alikuwa na cherehani ya kudarizi iliyopokea michoro ya nembo kutoka kwenye kompyuta kuukuu, iliyosimamishwa chini ya meza. Kompyuta ile ilikuwa imezeeka kazini. Ukiiamuru ifungue mchoro, ungeweza kwenda kusukwa nusu kichwa ukarudi ukaikuta bado inawaza.

Binti akachoka nayo, akamwita fundi wa kompyuta waliyemzoea kwa jina la Mkono Mwepesi. Mama aliacha kushona akasimama nyuma yao, mikono kiunoni. Fundi aling'oa prosesa ya zamani, ubongo wa kompyuta, kidude kisichozidi kiganja cha mtoto, akapachika nyingine yenye nguvu zaidi aliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Akawaeleza kwamba prosesa ina mapigo kama moyo, na mapigo hayo yanaweza kuongezwa kupita yale iliyotoka nayo kiwandani.

"Na moyo ukikimbizwa kutwa nzima?" mama akauliza.

"Unapata joto, mama yangu. Ndiyo maana nasema mtafute kwanza feni kubwa na sanduku la umeme lenye nguvu, lile la kuilisha kompyuta. Kabla ya hapo msiguse mapigo."

Binti aliitikia ndiyo, ndiyo, huku macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Fundi hajafika hata kona, yeye keshaingia kwenye mipangilio na kuongeza mapigo. Mchoro ukafunguka kabla hajakaa vizuri. Akacheka, akaongeza tena.

Mama hakucheka. Kompyuta ilivuma kama nyuki waliochokozwa, na mvumo ule ulimwingia kwenye meno. Alikosea pindo, akafumua, akakosea palepale. Joto lilipozidi, kompyuta ikawa inajizimia, basi binti akaivua kifuniko cha ubavuni na kuielekezea feni ya mezani aliyoiweka sakafuni. Sasa matumbo yake yote yalikuwa nje, na mjukuu, Kidoti, ndiyo kwanza anatambaa. Mama akahamisha kiti chake kikawa katikati ya mtoto na ile kompyuta. Alimsihi bintiye airudishe kama ilivyokuwa. Binti akamwambia kwamba dunia ingeachiwa akina mama waoga, watu wangekuwa wanashona kwa miiba mpaka leo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Hakuna aliyezifikiria sweta. Wiki ile walikuwa na kazi ya sweta za shule, na kitambaa chake kilimwaga manyoya kama kuku anayenyonyolewa. Ile feni iliyapeperusha moja kwa moja hadi ndani ya kompyuta. Yakaziba matundu, yakajishindilia kwenye sanduku la umeme, kimyakimya. Mwenye mtoto anayetambaa, na mashine iliyofunguliwa ubavu, asimalize kusoma hapa. Akachungulie kwanza chini ya meza.

Mchana binti alitoka kupeleka mzigo kwa mteja, akaiacha kompyuta inafanya kazi. Kidoti alikuwa ametambaa nyuma ya kiti cha bibi yake bila kuonekana, akapitiwa na usingizi juu ya rundo la sweta, chini ya meza ileile. Mama akasikia harufu ya uzi unaoungua. Kwa fundi cherehani, harufu hiyo ina mshtakiwa mmoja tu, pasi. Akaigusa, ya baridi. Hata hivyo akaisonya, akaichomoa, akaitoa nje barazani, akarudi kukaa.

Hakukaa. Alinusa pazia, akanusa kitambaa cha kupigia pasi, akanusa mikono yake mwenyewe. Akashika mkasi, akauweka. Ndipo Kidoti akakohoa usingizini.

Alipoinama aliona moshi ukijisokota nyuma ya kichwa cha mtoto, na ukingo wa sweta ukiwaka kidogokidogo, mwekundu kama ncha ya sigara. Mkono mmoja ulimvuta mtoto, mwingine ukang'oa waya ukutani. Akaikanyaga sweta kwa kandambili mpaka ikazimika, akatoka nje na mtoto.

Binti aliporudi alimkuta ameketi chini barazani, amembana Kidoti kifuani, naye mtoto analia kwa kubanwa tu, hana hata alama. Moshi ulikuwa bado unatoka dirishani.

"Kompyuta imepatwa na nini?" binti akauliza.

"Umeanza kwa kuulizia kompyuta," mama akasema.

Binti akachungulia ndani. Akaliona rundo la sweta, na pale pembeni penye weusi, shimo la ukubwa wa sahani, karibu na kishimo kilichoachwa na kichwa cha mtoto. Akarudi nje, akanyoosha mikono apewe mwanawe.

Mama, ambaye tangu amzae hakuwahi kumnyima kitu, aligeukia upande wa pili, Kidoti kifuani.